Radhi za Karani wa Mizigo

Kabla hajaandika barua ya mtu yeyote, aliuliza swali moja: "Huyu bwana unayemwandikia, akiwa ofisini anakaa wima au anaegemea?"

Watu walidhani anatania. Hakuwa anatania. Mzungu anayekaa wima aliandikiwa barua fupi yenye mistari iliyoachana. Anayeegemea aliandikiwa ndefu, kwa sababu huyo, alisema, husoma kama mtu anayesimuliwa hadithi. Mwenye shida akisema hajui, alirudishwa akachungulie dirishani kwanza.

Tulimwita Karani. Stesheni ya Thika ilikuwa na makarani wengine, wa tiketi, wa simu, wa mabehewa, lakini hao walikuwa na majina yao. Yeye alikuwa karani wa mizigo, na cheo kilimganda mpaka jina likasahaulika. Mimi nilikuwa karani wa posta Ruiru miaka yote ile ya hamsini, na nilizijua bahasha zake kabla ya kuujua uso wake. Kwenye kona ya juu, mahali pa stempu, alichora kijisanduku kwa penseli ili mbandikaji asiende upande. Nilipokutana naye mara ya kwanza aliniambia, "Wewe ndiye wa Ruiru. Stempu zako huwa zimelala." Hakuna aliyewahi kuniambia jambo kama hilo, na toka siku hiyo nilianza kuzibandika kwa uangalifu.

Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Machache niliambiwa, na nitasema ni yapi.

Mezani kwake, kwenye ghala la mizigo, alikuwa mtu mkali. Mananasi, kahawa, mkonge na magome ya miwati yalipita mikononi mwake kwenda Nairobi, na kila mzigo aliukuta na dosari.

"Gunia lako linavuja. Lishone."

"Karani, sina sindano."

"Basi gunia lina bahati mbaya kuwa lako."

Wanawake walikaa chini kwenye kivuli cha ghala wakingoja ahueni ya moyo wake. Akishamaliza kazi za reli, saa kumi jioni, aligeuza kiti upande wa pili wa meza ile ile na kuwa mtu mwingine. Wanawake wale wale aliowakaripia asubuhi walikuja na shida za mashamba, za watoto wao waliofukuzwa shule, za waume waliochukuliwa kwenye msako, naye aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakata. Hakudai chochote. Ukimletea ndizi alizipokea kama mtu anayepokea mzigo wa reli, akizikagua.

Kuna jambo moja hakuliweza kabisa, nalo ni kuomba radhi kwa mdomo. Mzee Abdalla wa Majengo, aliyekuwa akisafirisha kuku, alikuta siku moja matenga yake yameachwa juani na kuku wamekufa. Kosa lilikuwa la Karani, na Karani alilijua.

"Sema pole tu, yaishe," Mzee Abdalla alimwambia.

"Nitakuandikia."

"Uniandikie nini? Si nimesimama hapa?"

"Nitakuandikia, Mzee."

Na kweli alimwandikia, kurasa mbili. Nilimwona Mzee Abdalla akiipokea barua ile kaunta kwangu, maana siku hizo alikuwa na binti aliyeolewa Ruiru na barua zake alizipitishia kwangu. Aliisoma akasonya. "Mtu yuko hatua kumi kutoka kwangu," alisema, "ananiomba msamaha kwa posta."

Lakini kwenye karatasi hakuwa na mshindani, na hapo lazima nieleze desturi ya reli, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana nayo.

Mfanyakazi Mwafrika wa reli akipatikana na jambo, liwe kubwa au dogo, aliletewa karatasi. Iliuliza kwa nini asichukuliwe hatua, na ilitaka jibu kabla ya kesho yake. Watu waliita jibu hilo maelezo. Bwana mkubwa hakutaka kubishiwa. Alitaka kwanza aone mtu amejishusha, ndipo asome kilichotokea. Kwa hiyo maelezo yote, kutoka Nairobi hadi Nanyuki, yalianza kwa namna moja, na mikononi mwa Karani namna hiyo ilifikia ukamilifu wake: *Kwa unyenyekevu mkubwa naomba radhi kwa kosa lililotokea, na naahidi halitatokea tena.* Hiyo ilikuwa aya ya kwanza. Aya ya pili ndiyo iliyosema kwamba siku ya tukio ulikuwa hospitali na hukuwa kazini kabisa.

Hakuna aliyeona ajabu. Nilisoma kwa macho yangu maelezo ya mnyapara wa genge la njia baada ya maji kusomba tuta upande wa Ruiru. Alikuwa ameomba radhi kwa mvua, na akaahidi haitanyesha tena namna ile. Bwana mkubwa aliandika pembeni kwamba safari hii amemsamehe.

"Barua haina magoti," Karani alikuwa akisema. "Lazima wewe uipigishe."

Sasa nije kwa Ndung'u.

Ndung'u alikuwa mtu wa pointi katika stesheni ya Ruiru, yule anayegeuza reli ili treni iingie njia hii au ile. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi posta. Kabla Hali ya Hatari haijatangazwa, alikuja mkandarasi akitafuta watu wenye uzoefu wa reli kwa njia mpya iliyokuwa ikijengwa Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa ya Wabelgiji. Walikwenda watatu kutoka kwetu: Ndung'u, gadi mmoja wa treni kutoka Thika, na fayamani, mchocheaji wa moto wa injini, kutoka stesheni ya Kahawa. Ndung'u alimwacha mkewe Nyokabi na binti mmoja, Wanjiru. Alisema atarudi na mabati ya nyumba.

Aliporudi, nyumba yenyewe haikuwepo tena, lakini hilo ni la baadaye.

Barua ilifika wakati Hali ya Hatari imeshika, watu wanatembea kwa pasi za ruhusa na kurudi kabla ya jua kuzama. Niliitambua stempu ya Kongo. Nilimtumia Nyokabi habari, akaja na jembe begani, moja kwa moja kutoka shamba la kahawa alikokuwa kibarua. Hakujua kusoma.

"Bwana posta, ni ya Baba Wanjiru?"

"Ni yake. Mwandiko si wake."

"Soma polepole. Ukifika mahali pabaya, usiruke."

Sikuruka. Iliandikwa kwa Kiswahili na mfungwa mwenzake. Treni ya mawe imegonga behewa la abiria. Watu wamekufa. Tumekamatwa wote watatu. Mimi niliambiwa kwa simu nifungue njia ya pili, nikafungua njia ya pili. Aliyeniambia sasa anasema hakuniambia. Huku hakuna karatasi ya maelezo. Huku ni korti. Tafuteni mtu wa kuandika.

Nimezirudia sentensi zile mbili mara nyingi tangu siku hiyo. Huku hakuna karatasi ya maelezo. Huku ni korti. Nilizisoma kwa sauti, tena vizuri, na sisi sote wawili tukazipita tukakimbilia ile ya mwisho, ya kutafuta mtu wa kuandika.

"Nani anajua kuandika kwa watu wakubwa?" Nyokabi aliuliza.

Mimi ndiye niliyesema: Karani wa Thika.

Ilichukua siku nne Nyokabi kupata pasi ya kutoka Ruiru. Mimi ni Mkamba wa upande wa Machakos, na kazi yangu ilikuwa ya serikali, hivyo sikusumbuliwa sana. Tulipanda treni ya asubuhi. Karani alitusikiliza amefumba macho, kisha akaomba asomewe barua tena.

"Kule kuna konseli wa Kiingereza," alisema. "Kazi yake ni kuwasemea watu wa huku wakipata shida ugenini. Ndung'u ni mtu wa huku, hata kama huku hawampendi. Tutamwandikia huyo." Halafu akauliza swali lake. "Anakaaje?"

"Hatujamwona," nilisema.

"Basi tuandike kama anayekaa wima, lakini tumwachie nafasi ya kuegemea."

Aliandika muda mrefu, kwa Kiingereza kizuri ambacho nilikionea wivu. Alipomaliza alimfasiria Nyokabi mstari kwa mstari. Nyokabi alisikiliza huku akitazama karatasi kana kwamba ataiona ikisema uongo.

"Umesema hakufanya?"

"Nimesema. Aya ya pili."

"Kwa nini si ya kwanza?"

"Mama Wanjiru, ukienda kwa mtu na shida, unaingia tu na shida yako ndani, au unabisha hodi?"

"Nabisha."

"Aya ya kwanza ni hodi."

Alikubali. Akaweka kidole gumba kwenye wino na kukibandika chini ya jina la mumewe. Karani alinipa karatasi niitazame, mtu wa ofisi kwa mtu wa ofisi. Iliomba radhi kwa kosa lililotokea, kwa niaba ya Ndung'u na jamaa yake yote, na kuahidi halitatokea tena. Nilimwambia, "Imekaa sawa." Hayo ndiyo maneno yangu. Kisha nikaibandika stempu.

Jibu lilichukua miezi. Nyokabi alikuwa ameniachia ruhusa nilifungue, kwa kuwa kufika kwangu kulimgharimu siku ya kibarua na ugomvi na hom gadi, askari mgambo wa kijiji. Sikulifungua peke yangu. Nililipeleka Thika, tukalisoma tumesimama ghalani, katikati ya magunia.

Konseli alikuwa mwungwana, na nasema hivyo bila kejeli. Kila barua tuliyompelekea aliijibu. Alieleza kwamba ombi letu lilimgusa, na kwa kuwa jamaa walikuwa wamekiri kosa kwa ukarimu namna ile, alilikabidhi kwa mwendesha mashtaka ili lisaidie kupunguza adhabu. Alisikitika kutuarifu kwamba mahakama ililipokea kwa njia tofauti. Ombi lilitafsiriwa kwa Kifaransa na kusomwa mbele ya hakimu. Ndung'u alipewa miaka saba. Gadi na fayamani waliachiwa huru, kwa sababu dhidi yao hakukuwa na ushahidi wa kutosha wala maandishi yoyote.

Hao wawili hakuna mtu aliyewaandikia.

Karani alisoma mara tatu. Nje mtu alikuwa akiita juu ya magome yake ya miwati, na kwa mara ya kwanza sikumsikia Karani akimjibu vibaya. Hakumjibu kabisa.

"Nani alimwambia ampe mwendesha mashtaka?" alisema mwishowe.

"Alitaka kusaidia."

"Ndiyo. Sote tulitaka."

Alikunja barua, akaitia mfuko wa ndani. "Mwambie mama yule bado wanaangalia."

"Ana haki ya kujua."

"Atajua tukishaifuta hukumu. Mwambie bado."

Nilimwambia bado. Kila Jumamosi, siku aliyopewa ruhusa ya kutoka, Nyokabi alipita kaunta. "Bado?" Bado. "Wanaangalia?" Wanaangalia. Wakati huo nyumba yake ilikuwa imekwisha bomolewa pamoja na za jirani zake, wakahamishiwa kijiji kipya kilichozungushiwa handaki, kibanda juu ya kibanda. Alikuja na matope ya handaki lile miguuni, kwa sababu wanawake ndio waliolichimba. Baada ya kama nusu mwaka aliacha kuuliza. Alipita, akanisalimu, akasimama kidogo, akaenda. Nilidhani amechoka, na aibu yangu ni kwamba nilipata nafuu.

Karani aliandika. Hapa mtu asimwonee. Aliandika kama anayezima moto. Alimweleza konseli kwamba aya ile ilikuwa desturi ya ofisi, kwamba katika reli yetu radhi haimaanishi kosa, ni salamu tu. Konseli akajibu, kwa upole wake ule, kwamba jambo hilo ni geni kwake na litakuwa geni zaidi kwa mahakama ya rufaa. Je, tunaweza kupata uthibitisho wa wakuu wa reli wenyewe? Na je, serikali ya Nairobi inaweza kutoa neno jema juu ya mtu huyu?

Neno jema la Nairobi lilikuja haraka kuliko tulivyotarajia. Ofisi moja huko ilimjibu konseli kwamba mtu wa kabila lile linaloshukiwa, aliyekuwa nje tangu kabla ya Hali ya Hatari haiwezi kumdhamini mpaka afike mwenyewe achujwe, yaani ahojiwe, na kupewa cheti cha uaminifu.

"Soma tena," Karani aliniambia.

Nikasoma.

"Wanataka aje achujwe," alisema, "ndipo waombe atolewe jela, ili apate kuja kuchujwa." Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, na akamwomba tarishi wa stesheni amletee wino mwingine.

Habari ya wakuu wa reli niliambiwa na huyo tarishi, aliyekuwa amesimama mlangoni. Karani alivaa koti, akaenda kwa bwana mkubwa wa mizigo, mtu aliyekaa wima, na kumwomba atie sahihi kwenye karatasi yenye sentensi moja: kwamba wafanyakazi Waafrika wa reli hii huomba radhi katika maelezo yao hata pale ambapo hawana kosa.

Bwana mkubwa aliisoma. "Kwa hiyo miaka yote hii," aliuliza, "mlikuwa mkinidanganya?"

"Hapana, bwana. Tulikuwa tunakuheshimu."

"Radhi zote nilizopokea, hakuna aliyemaanisha?"

Tarishi alisema hapo Karani alinyosha mkono, akaichukua karatasi yake. Kama angesema walimaanisha, Ndung'u alikuwa na kosa. Kama angesema hawakumaanisha, wafanyakazi wote wa njia ile walikuwa waongo. Alirudi na karatasi yake bila sahihi.

Kwa hiyo aliiba. Ni neno kali, lakini yeye mwenyewe ndilo alilolitumia. Kwenye kabati la ghala kulikuwa na nakala za maelezo ya miaka mingi. Alichagua zile za kuchekesha zaidi: ile ya mvua, ya mtu aliyeomba radhi kwa kuumwa na nyoka akiwa kazini, ya mwingine aliyeomba radhi kwa kuchelewa kwa treni ambayo hakuwa ndani yake. Alizifunga kwenye bahasha moja nene na kuniletea Ruiru kwa mkono wake. "Ione stempu isilale," alisema. Ilikwenda wima kabisa.

Mahakama ya rufaa ilisema karatasi za reli ya nchi nyingine, zisizothibitishwa na wenye reli hiyo, haziihusu.

Baadaye kidogo kabati lilikaguliwa. Sasa Karani naye akaletewa karatasi: kwa nini asichukuliwe hatua? Alikuwa ameandikia mamia ya watu jibu la swali hilo. Mimi nililiona jibu lake kwa sababu alinionyesha. Lilikuwa na mistari miwili. *Nilichukua nakala hizo. Nilizihitaji.* Hakukuwa na hodi. Walimshusha cheo, wakampeleka stoo ya maturubai nyuma ya ghala, ambako hakuna mtu wa kumkaripia wala gunia la kulitukana. Watu waliendelea kumwita Karani, ingawa cheo hakuwa nacho tena.

Toka wakati huo akiandika maelezo ya mtu, hakuweka tena aya ya kwanza. Matokeo yalikuwa mabaya. Watu walikatwa mishahara, wengine wakasimamishwa. Mnyapara yule wa genge la njia alimfuata stoo nami nikiwepo.

"Karani, turudishie magoti yetu."

"Huna kosa. Kwa nini uombe radhi?"

"Nina watoto. Kosa si neno, ni hela. Wewe niandikie radhi, ukweli nitaujua mwenyewe."

Karani alimtazama sana. Halafu akamwandikia kama zamani, kwa mwandiko ule ule, na mtu akasamehewa. Sikuelewa kama alishindwa siku ile au alijifunza.

Kuna mambo mengine yangeweza kuingia hapa. Jinsi alivyokunywa chai bila maziwa kwa sababu maziwa, alisema, yanaficha rangi. Jinsi alivyowachukia watu wanaopiga mihuri mara mbili. Lakini kila nikianza nayo narudi kwenye barua ile, na nadhani yeye pia alikuwa hivyo. Niliwahi kumkuta stooni juu ya turubai lililokunjwa, anaandika kwenye hewa kwa kidole.

Ndung'u alirudi akiwa ametumikia mitano katika saba. Alikuja kaunta na simkumbuki akicheka. Alikuwa amekonda, na Kiswahili chake kilikuwa kimechukua sauti ya Kongo, maneno yakivutwa mwishoni. Nyokabi alisimama nyuma yake hatua moja.

"Bwana posta," alisema, "huyo Karani anakaa wapi? Nataka nimshukuru kwa mdomo."

Nilimtazama Nyokabi. Alikuwa akitazama bango la bei za stempu ambalo hawezi kulisoma.

Tulikwenda Jumapili mchana, baada ya kanisa. Pasi zilikuwa zimelegezwa kidogo. Karani aliishi kwenye nyumba za reli, chumba kimoja, amebakiza miezi michache kustaafu. Ndung'u alikuja na kuku jogoo, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, amemtundika kwenye baiskeli ya kuazima. Alimkabidhi Karani kwa mikono miwili. Karani alimpokea, na kwa mara ya kwanza nikamwona akipokea kitu bila kukikagua.

Alitupikia chai mwenyewe. Ndung'u ndiye aliyezungumza.

"Wale wenzangu wawili walitoka mapema," alisema. "Lakini walitoka kama mbuzi. Mlango umefunguliwa, basi. Hakuna aliyewauliza. Mimi kila baada ya muda naitwa ofisini: barua yako imekuja, kutoka kwenu, inasema hivi na hivi. Askari jela mmoja aliniuliza, wewe ni mtoto wa chifu? Nikamwambia hapana, mimi nina karani." Hapo nusura acheke. "Walikuwa wananipa kazi ya jikoni kwa sababu yako. Wengine walikuwa kwenye kuvunja mawe. Wengine walifia kwenye mawe. Wewe ulinitoa kwenye mawe, Karani."

Karani aliweka kikombe chini.

"Ndung'u," alisema, "ile barua ya kwanza..."

"Karani, chai yako inapoa," Nyokabi alisema.

"Mama Wanjiru, nataka aelewe jinsi..."

"Inapoa."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mwanamke anayemkumbusha mtu chai. Karani alikiinua kikombe akanywa. Kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, na chai ilimwagika kwenye shati lake jeupe la Jumapili. Ndung'u aliendelea na habari za jikoni la jela, wali wao na samaki wao wadogo, na sisi watatu tulimsikiliza kwa bidii kubwa.

Tulipoaga, Ndung'u alitangulia nje kuifungua baiskeli aliyokuwa ameifunga kwenye uzio. Nyokabi alibaki mlangoni, na Karani mbele yake, jogoo mkononi.

"Yule gadi wa Thika aliniambia," Nyokabi alisema. "Alikuwa kortini wakati barua inasomwa. Alipoachiwa, mkalimani alimweleza ilisema nini; Baba Wanjiru alikuwa amesharudishwa ndani."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu aliporudi."

"Miaka yote hiyo? Mbona hukuja kunitukana?"

"Ningekutukana halafu nani aandike? Ningepata wapi kalamu nyingine?"

Karani alipitisha ulimi kwenye midomo. Mtu asiyeweza kuomba radhi kwa mdomo alikuwa akijaribu, nilimwona, na kinywa hakikumtii. "Niruhusu nimwambie," alisema. "Ni mtu mzima. Ana haki."

"Ana haki. Lakini amerudi na kitu kimoja tu kutoka kule, kwamba kulikuwa na mtu upande wake. Unataka kumnyang'anya hicho ili wewe upate usingizi." Akavuta leso mabegani. "Usipate."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, bwana posta, ulikuwa unaniambia bado."

Aliteremka akamfuata mumewe. Walitembea sambamba, Ndung'u akisukuma baiskeli, mpaka kwenye kivuko cha reli. Hapo Ndung'u aligeuka akainua mkono juu kabisa, kama mtu wa pointi anayemwambia dereva njia ni salama. Karani alimpungia kwa mkono usio na jogoo, akaendelea kupunga hata walipokwisha vuka.